Cardiff wakati wa baridi na raga: safari ya siku tatu ya Yaya

Mwezi huu ukurasa wa safari unatupeleka mbali, kwenye mji wa Cardiff, nchi ya Wales, katikati ya baridi ya Februari, wakati watu wa kule wako na mashindano yao makubwa ya raga.

Najua wengine mtauliza: mwalimu, wewe umefika lini Ulaya? Mimi sijafika. Aliyefika ni dada yangu mkubwa, ambaye sisi nyumbani tunamwita Yaya kama ilivyo kawaida yetu watu wa Kivu. Yeye na watoto wake wawili walipelekwa Uingereza miaka kadhaa iliyopita, na sasa wanakaa Sheffield, mji wa kaskazini. Anafanya kazi ya usafi usiku. Tangu afike, hakuwahi kusafiri kwa kufurahi tu. Kila safari ilikuwa ya karatasi, ya hospitali, au ya kumfariji mtu aliyefiwa. Februari 2024 ndiyo mara ya kwanza alisema: sasa na sisi twende tukatembee. Alinitumia sauti kwenye simu, nyingi kabisa, pamoja na picha. Nikakaa na daftari langu nikaandika. Mengine nimeyasoma kwenye vitabu na kwenye intaneti kila nilipopata bando.

Naandika haya pia kwa sababu ya mkutano wetu wa wazazi wa juzi. Mzazi mmoja alisimama akaomba watoto wakatazwe kabisa kusema Kiswahili shuleni, ati ndiyo njia ya kujua Kiingereza haraka. Wengine walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, nikasema nitajibu kwa kalamu. Jibu langu liko ndani ya safari hii, tulieni mtalifikia.

KWANZA, WALES NI WAPI?

Sisi tukisema Uingereza tunamaanisha yote. Lakini ndani yake kuna nchi nne: England, Uskoti, Wales na Ayalandi ya Kaskazini. Wales iko upande wa magharibi, ina milima na kondoo wengi, na ina lugha yake, Kiwelisi, ambayo haifanani na Kiingereza hata kidogo. Cardiff ndio mji wake mkuu tangu mwaka 1955. Kwa Kiwelisi unaitwa Caerdydd, na kila kibao cha barabara kimeandikwa kwa lugha mbili.

Mwaka 1801 Cardiff ilikuwa na watu wasiofika 2,000, yaani padogo kuliko kijiji kimoja cha kambi yetu. Kilichoukuza mji ni makaa ya mawe yaliyochimbwa kwenye mabonde ya kaskazini na kushushwa bandarini. Mwaka 1913 bandari ya Cardiff ilisafirisha zaidi ya tani milioni 10. Leo migodi hiyo imefungwa, na mji una watu zaidi ya 360,000.

RAGA NI MCHEZO GANI?

Vijana wetu wanajua futiboli tu. Raga si ngeni Uganda hapa: timu ya taifa ya Uganda ilichukua kombe la Afrika mwaka 2007, na mwaka 2024 na 2025 mashindano hayo ya Afrika yalichezwa Kampala. Jirani zetu Wakenya wao wanajulikana dunia nzima kwa raga ya wachezaji saba.

Raga wanayocheza Wales ni ya watu 15 kila upande, kwa dakika 80. Mpira una umbo kama yai. Unaweza kuubeba mikononi ukakimbia nao, unaweza kuupiga kwa mguu, lakini ukimrushia mwenzako kwa mikono lazima uurushe nyuma au pembeni, si mbele. Hiyo ndiyo siri ya mchezo: timu inakwenda mbele kwa kupasiana nyuma. Mchezaji akifika nyuma ya mstari wa mwisho wa adui akaugusisha mpira chini, hiyo ni trai, alama 5. Halafu mwenzake anaupiga kati ya miti miwili mirefu, akipata wanaongezewa alama 2. Penalti ni alama 3. Watu wanasukumana, wanaangushana, lakini refa akisema, hata jitu la kilo 120 linajibu kwa heshima.

Mashindano yenyewe yanaitwa ya Mataifa Sita. Yalianza mwaka 1883 kwa nchi nne za visiwa vile, Ufaransa ikaingia mwaka 1910, na Italia mwaka 2000. Yanachezwa kila mwaka, Februari na Machi, kila timu mechi tano. Ukiwa na mechi nyumbani, mji wako siku hiyo ni sikukuu.

IJUMAA: KUFIKA NA BARIDI

Yaya alichagua Cardiff kwa sababu mbili. Kwanza, kuna familia moja ya Wakongo waliyefahamiana naye kwa mambo ya kanisa, wakamwambia njoo ulale kwetu, wiki hiyo vyumba vya hoteli vinapanda bei sana. Pili, mwanawe mkubwa, mpwa wangu wa miaka 11, alikuwa ameanza raga shuleni na kila siku ni hiyo tu.

Walisafiri kwa basi karibu siku nzima. Na hapa niseme jambo ambalo Yaya hakulificha. Ndani ya basi alipoanza kuongea Kiswahili na yule mdogo wa miaka 6, mkubwa alimvuta mkono akamwambia kwa Kiingereza: mama, ongea polepole, watu wanasikia. Yaya akanyamaza. Akaniambia, "Mdogo wangu, nilitazama nje ya dirisha kama masaa mawili. Nilivuka mpaka na huyu mtoto mgongoni, na sasa anaona haya ya mdomo wangu."

Walifika giza limeshaingia, ingawa ilikuwa mapema jioni. Mwanzo wa Februari kule jua linazama karibu saa kumi na moja. Baridi yenyewe mara nyingi ni kati ya nyuzi 2 na 9, na mvua haiko mbali. Yaya anasema si baridi inayoua, ni baridi inayoingia polepole kama deni. Ushauri wake kwa familia zinazongoja kusafiri: msinunue koti moja nene mkafikiri mmemaliza. Vaeni nguo nyepesi nyepesi tatu, moja juu ya nyingine, halafu koti lisilopitisha maji juu. Miguu ndiyo ya kwanza: soksi za sufu na viatu vizima. Na mtoto asitoke bila kofia.

Usiku huo walikula bugali na sombe ya kwenye mkebe, wakalala watano chumba kimoja, kicheko mpaka usiku wa manane.

JUMAMOSI ASUBUHI: BANDARINI

Asubuhi mwenyeji aliwapeleka upande wa bandari. Zamani paliitwa Tiger Bay. Meli za makaa zilikuwa zinatafuta mabaharia kila pembe ya dunia, basi wakaja Wasomali, Wayemeni, watu wa Cape Verde, wa Afrika Magharibi, wa visiwa vya Karibi, Wanorwe. Wengine walioa hapo hapo. Watoto wao walikua pamoja kwenye mitaa ile ile, muda mrefu kabla yetu sisi kujua neno mkimbizi.

Haikuwa raha tupu. Mwaka 1919, vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha na kazi kupungua, watu weusi na Waarabu wa Cardiff walishambuliwa mitaani, na watu watatu walikufa. Mwaka 1952 baharia Msomali, Mahmood Mattan, alinyongwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mke wake na watoto walisubiri mpaka mwaka 1998 ndipo mahakama ikafuta hukumu ile. Yaya alisema alipoelezwa habari hiyo alikaa kwenye benchi kidogo, akaangalia maji.

Leo pale bandarini ni pazuri. Kuna jengo jekundu la matofali la mwaka 1897 lenye saa, kuna kanisa dogo jeupe la mbao lililojengwa kwa ajili ya mabaharia wa Norwe, na kuna bunge la Wales lenye kuta za vioo, lililofunguliwa mwaka 2006. Kutembea hapo hulipi kitu.

Mpwa wangu yeye aliona sanamu ya wachezaji watatu wa raga, iliyosimamishwa mwaka 2023. Ni Billy Boston, Clive Sullivan na Gus Risman. Wote watatu ni watoto wa Cardiff, na wote watatu walikwenda kaskazini mwa England kucheza raga ya watu 13, ile ya kulipwa. Boston alizaliwa Tiger Bay, baba yake mtu wa Sierra Leone. Alitamani kuivalia jezi timu ya Cardiff na ya Wales, lakini hakuitwa. Akaenda Wigan, akafunga trai 571 katika maisha yake ya mpira. Sullivan naye mwaka 1972 alikuwa kapteni wa Uingereza iliyobeba kombe la dunia la raga ya watu 13, mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo mkubwa. Mji uliowaacha waende ndio sasa umewawekea sanamu. Mpwa wangu alipiga picha saba.

MCHANA: MWALIMU WA SHABA NA KEKI ZA CHUMA

Kutoka bandarini walirudi katikati ya mji. Karibu na stesheni kuu ya treni, kwenye uwanja wazi, kuna sanamu nyingine kubwa ya shaba, urefu kama mita nne. Hii nawaomba walimu wenzangu msome vizuri. Ni ya Betty Campbell. Alizaliwa mwaka 1934 mtaa ule ule wa bandarini. Alipokuwa msichana alimwambia mwalimu wake kwamba anataka kuwa mwalimu. Akajibiwa kwamba kwa msichana mweusi wa familia maskini matatizo yatakuwa makubwa mno. Alilia, lakini hakuacha. Akawa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi katika Wales yote, kwenye shule ya msingi ya mtaa wake, na akawafundisha watoto historia ya watu weusi wakati wengi hawakuifikiria. Alifariki mwaka 2017, sanamu ikazinduliwa mwaka 2021. Kichwa chake kiko juu kama mti, na chini kwenye shina kuna watoto. Yaya alinitumia picha hiyo akaandika maneno mawili tu: "Mwalimu, ona."

Karibu na ngome ya kale ya mji kuna ukuta wenye wanyama wa mawe juu yake: simba, dubu, fisi na wengine. Yule mdogo wa miaka 6 alipomwona fisi alipiga kelele "Fisi!" kwa Kiswahili, kwa sababu anamjua kutoka kwenye hadithi za bibi. Kuangalia ukuta ni bure, kwa hiyo waliupitia mara mbili.

Halafu soko. Soko la Cardiff liko ndani ya jengo la mwaka 1891 lenye paa la vioo. Hapo walikula keki za Wales. Si keki kama ile ya harusi. Ni unga, siagi, sukari, yai na zabibu kavu, zinakatwa duara ndogo na kuchomwa juu ya chuma cha moto, si ndani ya tanuri. Yaya alicheka, "Hii ni chapati iliyosoma." Mama wa kambi mwenye kikaango kizito anaweza kuzijaribu. Kuna pia supu yao iitwayo cawl, ya nyama ya kondoo, viazi, karoti na liki, yaani lile jani la jamii ya kitunguu. Liki ni alama ya taifa lao. Siku ya mechi utaona mtu mzima na heshima zake amevaa kofia ya liki au ya ua la njano. Watu wa Uskoti nao walikuwa wamejaa mjini, wanaume na sketi zao za mistari, magoti nje kwenye baridi ile. Watoto walibaki midomo wazi.

JIONI: MECHI

Tiketi hawakuwa nayo, bei si ya mtu wa usafi. Lakini uwanja wa Cardiff una jambo la pekee: uko katikati kabisa ya mji, kando ya mto Taff, si nje porini kama viwanja vingine. Ulifunguliwa mwaka 1999, unaingiza watu karibu 74,000, na una paa linalofunguka na kufungwa. Siku ya mechi barabara za karibu zinafungwa, magari hayaingii, watu wanatembea katikati ya lami. Na mashabiki wa timu mbili hawatengwi. Mwekundu na wa buluu wanakaa pamoja, wanataniana, polisi wanatabasamu.

Mechi ya Jumamosi hiyo, tarehe 3 Februari 2024, ilikuwa Wales na Uskoti, saa kumi na moja kasorobo jioni. Kwetu hapa ilikuwa saa mbili kasorobo usiku. Yaya na watoto walisimama ng'ambo ya mto wakisubiri wimbo wa taifa. Wimbo huo ulitungwa mwaka 1856 katika mji wa Pontypridd na baba na mwanawe, Evan James aliyekuwa mfumaji wa nguo, na James James. Jina lake maana yake ni nchi ya kale ya baba zangu. Mwaka 1905 wachezaji na watu wa Cardiff waliuimba kabla ya kucheza na New Zealand, na wanahesabu kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza wimbo wa taifa kuimbwa kabla ya mechi. Siku hiyo Wales ilishinda 3 kwa 0.

Yaya anasema sauti ilitoka uwanjani kama kanisa lenye watu elfu sabini. Hakuelewa neno hata moja, maana ni Kiwelisi tupu. Lakini alipoambiwa maana ya lile jina, machozi yalimtoka. Nchi ya baba zetu sisi tumeiacha nyuma ya mlima, na kila mtu humu kambini anajua uzito wa maneno hayo.

Wakati wa mapumziko walivuka kwenda nyumbani kwa mwenyeji, mwendo wa dakika kumi na tano tu. Televisheni ikawashwa. Uskoti wanaongoza 20 kwa 0. Kipindi cha pili kimeanza tu, wakaongeza, 27 kwa 0. Baba mwenye nyumba akasema zimeni, tule. Hapo ndipo mambo yakageuka. Wales, timu ya vijana, kapteni Dafydd Jenkins ana miaka 21 tu, ilifunga trai ya kwanza. Ya pili akafunga Rio Dyer, kijana mweusi wa Newport, mji wa jirani. Ya tatu. Ya nne. Ndani ya dakika kama ishirini hivi alama zikawa 27 kwa 26. Alama moja tu! Chakula kilipoa mezani. Lakini muda ukaisha, Uskoti wakashinda, mara yao ya kwanza kushinda Cardiff tangu mwaka 2002.

Sasa sikilizeni. Katika nyumba ile kulikuwa na binti wa mwenyeji, miaka 9, Mkongo kama sisi. Yeye ndiye aliyeshika rimoti, akaweka S4C, stesheni ya televisheni ya Kiwelisi iliyoanza mwaka 1982. Alikuwa anamtafsiria baba yake maneno ya mtangazaji, kwa Kiswahili. Halafu anageuka anamweleza mpwa wangu kwa Kiingereza. Halafu anaimba peke yake kwa Kiwelisi. Anasoma shule ya msingi ambayo masomo yote ni Kiwelisi. Mpwa wangu akamwuliza: huoni haya kusema Kiswahili mbele ya rafiki zako? Binti akamjibu, haya ya nini? Mwalimu wangu ananiambia mimi nina lugha tatu, yeye anazo mbili.

JUMAPILI: KIBAO CHA SHINGONI

Jumapili walikwenda St Fagans, nje kidogo ya mji upande wa magharibi. Ni makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1948, kuingia bure. Wamekusanya nyumba za zamani kutoka kila pembe ya Wales, wakazibomoa jiwe kwa jiwe na kuzisimamisha tena hapo: nyumba za wakulima, duka, kinu, kanisa. Kuna safu ya nyumba sita ndogo za wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na kila moja imepangwa kama ilivyokuwa mwaka wake, kuanzia 1805 mpaka 1985. Unatembea mlango kwa mlango, unaona maisha ya maskini yanabadilika: kitanda, jiko, taa. Watoto walipenda hapo kuliko mahali popote. Yaya alisema nyumba ya 1805 ingekaa vizuri tu hapa kambini, ila yao ina paa zuri kuliko shitingi.

Kuna pia shule ya kale, darasa moja, madawati ya mbao. Na hapo waliambiwa habari ya kibao. Katika karne ya 19, kwenye shule nyingi za Wales, mtoto akisikika anasema Kiwelisi alivalishwa shingoni kibao cha mbao chenye herufi WN, maana yake Kiwelisi hapana. Akimsikia mwenzake naye anateleza, anampa yeye. Anayebaki nacho mwisho wa siku anachapwa. Na wazazi wengi walikubali, kwa sababu walitaka watoto wao wapate kazi.

Wazazi wenzangu, mnakumbuka nini? Sisi tuliosoma Kongo tuliita simboli. Nilivaa mimi mwenyewe, kwa kusema lugha ya mama yangu katika shule ya Kifaransa. Kule Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi watoto walivyovalishwa kibao cha namna hiyo. Ni kibao kile kile, kimezunguka dunia.

Na matokeo? Kiingereza Wawelisi walikijua, kweli. Lakini lugha yao ilikaribia kufa, na kuirudisha kumewachukua karibu miaka mia moja. Shule ya kwanza ya msingi ya Kiwelisi katika nyakati hizi ilifunguliwa Aberystwyth mwaka 1939. Ikaja sheria ya mwaka 1967, ya 1993, na mwaka 2011 Kiwelisi kikapewa hadhi rasmi. Katika sensa ya 2021 watu kama 538,000, yaani asilimia 17.8, walisema wanakizungumza, na serikali yao inataka wafike milioni moja ifikapo mwaka 2050. Fikirieni gharama: shule, walimu, televisheni, vibao. Yote hayo kununua tena kitu ambacho mama alikuwa anakitoa bure jikoni.

JIBU LANGU KWA MKUTANO

Basi hili ndilo jibu langu. Kiingereza tufundishe, na tukifundishe vizuri, maana mtihani wa Uganda ni kwa Kiingereza. Mtoto anahitaji vitabu na mwalimu mvumilivu, si aibu. Darasani kwangu, mtoto ambaye anaelezwa hesabu kwanza kwa Kiswahili anaielewa mapema, halafu Kiingereza chake kinapata pa kusimama. Binti yule wa Cardiff hakupoteza kitu kwa kuwa na lugha tatu. Kinachopotea ni pale tunapomfundisha mtoto kwamba mdomo wa mama yake ni kitu cha kuficha. Na mtoto huyo akipata bahati ya kwenda mbali, hiyo aibu ataibeba kwenye mfuko pamoja na karatasi zake.

Msidhani mpwa wangu alibadilika kama sinema. Bado anamjibu mama yake kwa Kiingereza. Lakini kwenye basi la kurudi Sheffield, Yaya alipomwimbia yule mdogo wimbo wa kulala wa kwetu, mkubwa hakumvuta mkono. Alitazama dirishani tu. Na wiki iliyofuata niliombwa nimrekodie babu akisimulia hadithi ya fisi na sungura, "lakini kwa Kiswahili, mjomba, siyo ile ya Kiingereza."

Timu ya Wales yenyewe ilipoteza mechi zote tano za mashindano yale ya 2024, na zote tano za 2025 tena. Hii ni nchi iliyochukua ubingwa mwaka 2021! Lakini watu wa Cardiff waliendelea kuvaa kofia za liki, kuja uwanjani na kuimba wimbo wao kwa lugha yao. Mimi nimejifunza kwamba watu wanaweza kupoteza mengi na bado wakabaki watu.

TANGAZO

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa mchana, nitawafundisha watoto wa miaka 8 mpaka 14 raga ya kugusana bila kuangushana, kwenye uwanja wa nyuma ya shule. Mpira wa yai hatuna, tutafunga wa matambara. Wasichana na wavulana wote waje. Saa kumi na moja tutakaa chini ya mti, na nawaomba wazee wawili au watatu waje kutusimulia hadithi, kila mmoja kwa lugha yake, na Kiswahili kituunganishe. Mwenye simu nzuri ya kurekodi aje nayo. Kuna mtoto Sheffield anangoja.